Shangazi Dominika Alipokwenda Kupumzika Soweto

Shangazi yangu Dominika, dada wa baba yangu, aliolewa Masama na mzee Filemon kabla mimi sijazaliwa. Kihamba chao, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kiko juu, jirani na msitu, na migomba imeshikana na mibuni mpaka jua likitaka kuingia lazima lipige hodi. Ukimtafuta Shangazi asubuhi utaambiwa ameenda kukata majani ya ng'ombe. Ukija mchana, yuko shambani. Ukija jioni yuko jikoni, na moshi unatoka mlangoni kukupokea kabla yake. Sikumbuki utotoni kumwona amekaa. Hata alipokaa, alikuwa anamenya ndizi.

Huku kwetu likizo tunaijua, ila ni ya watu wengine. Ya mwalimu, ya karani, ya mwanafunzi. Kubwa kuliko zote ni ya Desemba, pale kila Mchagga aliyeko Dar es Salaam au Arusha au Mwanza anapopanda mlimani kuja kupumzika nyumbani. Ni siku nzuri, sikatai. Mbuzi wanachinjwa, mbege ya ndizi inapikwa, watoto wa mjini wanamshangaa ndama. Lakini nyumbani kwa aliyetoka Dar ni kazini kwa aliyebaki. Wao wakivuta pumzi na kusema, "Jamani, huku kuna raha, kuna hewa," Shangazi anapita katikati yao na ndoo kichwani.

Jambo lenyewe lilianzia mtoni, Jumapili moja baada ya misa. Mama Anusuya, mwenye duka la vitambaa mjini Moshi, alikuwa mteja wa Shangazi wa ndizi na maziwa ya mgando tangu watoto wao wangali wadogo. Siku hiyo Shangazi alishuka bondeni na mzigo wa majani, akamkuta huyo huyo Mama Anusuya ametandika mkeka kando ya mto, na mumewe bwana Chetan, na wajukuu, na chupa ya chai, na chapati zimefunikwa kitambaa.

Shangazi akatua mzigo. "Mama Anusuya! Kuna nini? Gari limeharibika?"

"Hapana, Mama Ronald. Tumekuja kupumzika."

"Kupumzika? Hapa?"

"Hapa hapa. Kila mwaka tunafunga duka siku chache, tunatembea karibu karibu. Jana tulikuwa kwenye chemchemi kule Boma Ng'ombe, leo tuko kwako."

Shangazi akalitazama jiwe alilokalia bwana Chetan. Lilikuwa jiwe lile lile analofulia mablanketi. Akayatazama maji ambayo wale watoto walitumbukiza miguu na kupiga kelele za furaha, maji anayoyabeba kichwani tangu aolewe.

"Na mmekuja kutazama nini?"

"Hatutazami kitu," akasema bwana Chetan. "Tunakaa tu."

Wakampa chapati na achari. Akala amesimama, kwa sababu kukaa hapo hakukumjia.

Aliponisimulia baadaye, alikuwa bado anashangaa. "Victoria mwanangu, kumbe miaka yote hii nimekuwa naishi ndani ya mapumziko ya watu, na mimi sina habari! Sasa nikajiuliza. Kama kazini kwangu wao wanapumzika, kwa nini mimi nisipumzike kazini kwao?"

Desemba ikafika, Desemba ya mwaka tisini na tano. Mimi na mume wangu Gidioni tulipanda na mtoto wetu Frida, ambaye alikuwa bado ananyonya. Ronald, mtoto mkubwa wa Shangazi, alikuja kutoka Dar na marafiki zake. Siku ya Krismasi Shangazi alipika mtori wa ndizi na nyama, akapika kiburu cha ndizi na maharage, akapika wali wa watu wa Dar ambao hawashibi ndizi, na sahani zilikwenda na kurudi kama watu wa sokoni. Rafiki mmoja wa Ronald, kijana mwenye adabu, akasema, "Mama, kaa kidogo na wewe upumzike."

Mzee Filemon akajibu kabla yake. "Huyu? Huyu hachoki. Huyu ni kama mfongo, unatiririka usiku na mchana, hakuna anayeusukuma."

Mfongo ni ule mfereji wetu wa kuleta maji vihambani. Watu wakacheka sana, na Shangazi akacheka, akachukua sinia akaenda. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namnyonyesha Frida. Nikaona kwamba amecheka kwa mdomo peke yake.

Wageni walipoondoka Januari, na mifupa ya mbuzi ikazikwa, Shangazi alimwambia mumewe wakiwa wanakunywa chai, "Baba Ronald, Jumatatu nakwenda kupumzika. Nakaa wiki moja, Jumatatu ya pili narudi."

"Kupumzika wapi?"

"Soweto, kwa Victoria."

Soweto ninayoisema ni mtaa wa hapa Moshi mjini. Asubuhi isiyo na mawingu ukisimama mlangoni kwangu unaweza kuonyesha msitu wa Masama kwa kidole. Mzee Filemon akacheka. "Haya," akasema, akaendelea na chai yake. Alidhani ni utani.

Jumatatu Shangazi akavaa kitenge cha Jumapili, akachukua begi, akatoka. Sasa, mwanamke wa Masama akionekana barabarani Jumatatu na begi, na hajabeba ndizi, lazima aulizwe. Wa kwanza alikuwa Mektrida, jirani yake, mke wa mzee Elimringi.

"Shoga, kuna msiba?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Basi kuna aliyejifungua."

"Hakuna. Naenda kupumzika kwa binti wa kaka yangu."

Mektrida akalitazama begi, akakitazama kitenge, akamshika mkono kwa huruma. "Haya mama. Mungu atakusaidia."

Na mimi nisingemlaumu Mektrida. Kwetu mwanamke akiondoka na begi, akaenda kwa watu wa ukoo wake, bila msiba wala mgonjwa wala mtoto mchanga, maana yake ni moja tu. Ameshindwa na mumewe, amerudi kwao. Shangazi hajafika hata kituoni, habari ilikuwa imeshapanda mpaka msituni: Dominika ameondoka. Na umri ule! Na wajukuu!

Mimi huku chini sikujua lolote. Nilimpokea kwa furaha, nikampa kitanda chetu, mimi na Gidioni tukalala chini. Nikamwambia, "Shangazi, hapa hutagusa kitu."

"Sitagusa," akasema. "Nimekuja kukaa tu."

Asubuhi, giza halijaisha, nikasikia fagio. Nikatoka nikamkuta amefagia uwanja wetu, amemaliza, ameingia uwanja wa jirani.

"Shangazi! Uko likizo!"

"Nafagia polepole," akasema.

Nikamnyang'anya fagio. Nilipogeuka kumwangalia mtoto, akafua nepi zote. Nikamnyang'anya beseni. Akaanza kuchambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua. Mchana nikampashia maji, nikatia chumvi, nikamwambia aweke miguu. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa Januari. Nikamsugua taratibu, naye akatulia, na Frida akamlalia mapajani, wote wawili wakasinzia. Nilikaa pale chini nimeshika mguu wake hata maji yalipopoa, niliogopa kuusogeza nikamwamsha.

Alipoamka akaniuliza kwa wasiwasi, "Nani amekata majani?"

"Ng'ombe ni wa mumeo pia, Shangazi."

"Ni kweli," akasema, na akacheka. Nikaona sasa anacheka na macho.

Siku ya pili alijua kukaa. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya fundi Harbans, Singasinga mzee anayetengeneza matela na kuchomelea mageti. Shangazi aliweka kigoda mlangoni kwangu akawa anamtazama. Fundi Harbans akapinda bomba, Shangazi akatikisa kichwa. Fundi akalinyoosha, Shangazi akakubali. Mwisho fundi akavuka barabara na kiti chenye mgongo.

"Mama, kama unanisimamia kazi, kaa vizuri."

"Sikusimamii, baba. Niko mapumziko."

"Mapumziko ya kunitazama mimi?"

"Tangu nizaliwe," Shangazi akasema, "sijawahi kukaa nikamtazama mtu mwingine akifanya kazi. Ni kutamu sana."

Fundi Harbans akacheka mpaka kilemba kikataka kulegea, na tangu hapo kila akimaliza kuchomelea alikuwa anageuka kumwangalia kama mwanafunzi anayesubiri maksi.

Mchana tukaenda mjini dukani kwa Mama Anusuya. Shangazi hakuwa na ndizi wala maziwa. Mama Anusuya akanyoosha shingo kutafuta kikapu.

"Leo hujaleta kitu, Mama Ronald?"

"Leo nimeleta mwenyewe. Wewe ulikuja kupumzika mtoni kwangu, na mimi nimekuja dukani kwako."

Mama Anusuya hakucheka kwa dharau. Alielewa papo hapo. Akaleta kiti, akafungua soda, na Shangazi akakaa katikati ya majora ya vitambaa akitazama wateja wanavyobishana bei, wanavyojipima khanga mabegani, wanavyoondoka bila kununua halafu wanarudi. Kila mteja alipotoka, Shangazi alimwuliza Mama Anusuya kwa sauti ndogo, "Atarudi?" Na mara nyingi alirudi. Tulipokuwa tunaondoka akanishika mkono. "Kumbe mji ni mzuri hivi! Mimi huwa nauona nikiwa nakimbilia gari la kurudi."

Siku ya tatu ndipo mambo yakaja.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Gidioni alikuwa kazini. Nikasikia hodi nzito, ya mtu mzima, nikafungua nikakutana na mzee Elimringi, amevaa koti jeusi na kofia, uso umekunjwa kama yuko mazishini. Huyu ndiye aliyekuwa mshenga wakati mzee Filemon anamposa Shangazi. Na mkononi alikuwa ameshika isale.

Kwa asiyejua, isale ni jani la mmea ule tunaopanda mipakani mwa vihamba. Likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, linaomba msamaha. Na anayepelekewa isale hakatai. Akikataa, baya lolote litakalotokea litakuwa lake. Hata waliowahi kushikiana panga wamepatanishwa kwa jani hilo.

Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa kwao Dominika hapa?"

"Mimi ni binti wa kaka yake."

"Basi utasikiliza kwa niaba ya ukoo."

Mimi! Mtoto mgongoni, unga wa chapati mikononi! Nikamkaribisha, nikaufunika ule unga haraka, nikakaa wima kama mzee wa ukoo. Frida akapiga chafya.

Mzee Elimringi akakohoa. "Filemon anasema amekosa. Nyumba imepoa. Ng'ombe analia. Anaomba mke wake arudi leo, kwa isale hili."

Shangazi alikuwa amesimama mlango wa chumbani, amejifunga khanga yangu, nywele amezisuka upya. Akatazama jani. Akanivuta jikoni.

"Victoria, nimekwisha," akanong'ona. "Nikilipokea, nimekubali kwamba tulikuwa na ugomvi, na lazima nirudi naye leo hii. Kesho kutwa kijiji kizima kitasema, Dominika alitoroka akarudishwa. Na sitapumzika tena maisha yangu, kila nikishika begi wataleta majani. Nikilikataa, nimetukana ukoo wa mume wangu na wangu."

"Mwambie ukweli, kwamba hamkugombana."

"Nilisema ukweli tangu Jumatatu, nani ameusikia?"

Alisimama pale ameishika sufuria yangu kama anataka kuisugua. Nilimwona jinsi alivyoipenda ile wiki yake, jinsi ilivyokuwa inamtoka mikononi ikiwa na siku zake nyingi bado. Halafu akaweka sufuria chini, taratibu, akatoka.

"Baba Elimringi," akasema, "isale siwezi kulikataa. Lakini anayesamehe lazima ajue anasamehe nini. Filemon amekosa nini?"

Mzee Elimringi akalitazama jani. "Hakuniambia."

"Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza. Anasema hajui, ila lazima kuna kitu."

"Basi aje aseme mwenyewe."

"Yuko mbali, Dominika. Yuko nyumbani Masama."

Sauti ikatoka barabarani. Ilikuwa ya fundi Harbans, amesimama na miwani yake ya kuchomelea juu ya kilemba. "Mama! Huyu mzee aliyejificha nyuma ya tela langu tangu asubuhi, ni wako?"

Mzee Filemon akatokea. Koti la mvua alilolivaa lilikuwa na mabua ya majani mgongoni, na alitembea ameinama upande mmoja. Sikuwahi kumwona mdogo hivyo. Shangazi akajizuia asicheke, nikamwona.

"Shikamoo baba," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu." Akakaa kwenye benchi. Akavua kofia.

"Sema sasa," mzee Elimringi akamwambia. "Umenileta huku chini na jani, kosa liko wapi?"

Mzee Filemon akafikiri sana. "Ni ile sufuria yako kubwa?" akauliza. "Ile niliyowaazima watu wa kwaya?"

"Ni wewe uliyeiazimisha?" Shangazi akashika kiuno. "Mwezi mzima nimemlaumu Mektrida!"

"Mektrida wangu?" mzee Elimringi akageuka. "Ulimlaumu mke wangu kwa sufuria?"

"Kwa moyo tu, baba Elimringi. Sikumwambia."

"Aa. Kwa hiyo si sufuria," mzee Filemon akasema haraka. "Basi ni... ni mgomba niliokata? Ule wa ndizi za mshare?"

"Huo ulikuwa umezeeka."

"Ni shangazi yangu aliyekuja Pasaka akakaa mpaka Juni?"

"Alikuwa mgeni mzuri kuliko wewe."

Mzee Elimringi akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimeng'ata khanga nisicheke. Lakini mzee Filemon alikuwa anaigeuza kofia yake mikononi, anaigeuza, na aliposema tena hakumtazama mtu.

"Jumanne nilikwenda kukata majani," akasema. "Nilidhani ni kazi ya asubuhi. Nikakata, nikafunga mzigo, nikajitwisha, nikafika pale kwenye mteremko wa mto, nikatua. Nikajitwisha, nikatua. Ng'ombe alikula mzigo wote nikiwa namtazama, akaanza kulia tena. Jana nikaamka, mgongo haunyooki. Nikalala pale nikakumbuka Krismasi. Nikakumbuka nilivyosema mbele ya rafiki za Ronald kwamba wewe ni mfongo, hauchoki. Na wewe ulikuwa umesimama na sinia." Akaiweka kofia gotini. "Mama Ronald, mfongo wenyewe tunaufunga siku za kuusafisha. Wewe sijawahi kukufunga hata siku moja."

Fundi Harbans ng'ambo alikuwa amezima mashine yake, na sidhani kama kazi ilikuwa imekwisha.

Shangazi akafuta jicho kwa pindo la khanga. "Mimi nilikwisha kusahau hilo," akasema. Nadhani alikuwa anamsaidia tu. Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea isale.

Mzee Elimringi akashusha pumzi, akainuka, akavaa kofia. "Haya. Mungu ni mwema. Chukua begi, Dominika, kuna gari saa sita."

"Baba Elimringi," Shangazi akasema, "mila inasemaje? Mke akishapokea isale anafanya nini?"

"Anarudi pamoja na mume wake."

"Pamoja na mume wake."

"Ndiyo."

"Mume wangu huyu hapa. Mimi narudi Jumatatu kama nilivyomwambia. Basi na yeye atarudi Jumatatu. Tutarudi pamoja, na mila haitakuwa imekosewa hata kidogo."

Mzee Elimringi akakaa tena. Aliutafuta mlango wa kutokea kwenye maneno yale, nilimwona anavyotafuta, hakuupata. "Na ng'ombe?" akauliza mwisho. "Nani anamkatia majani mpaka Jumatatu?"

Mzee Filemon akakohoa. "Nimemwachia Mektrida."

"Mektrida wangu tena?"

"Alisema nisijali. Alisema, nenda ukamrudishe mwenzangu, hata kama itachukua siku."

"Na kwangu nani anakata?"

Wote wakamtazama. Sikupenda kucheka mbele ya mzee, nikaenda kuangalia chai. Alikunywa vikombe viwili akilalamika. "Kupumzika! Mtu mzima, mwenye kihamba chake, anashuka Soweto kupumzika! Angekuwa anakwenda Mombasa, ningeelewa. Mapumziko ni safari. Kitu unachokiona kutoka mlangoni kwako hakiwezi kuwa mapumziko!" Akaondoka na gari la saa sita, peke yake.

Mzee Filemon alikuwa mgeni mgumu kuliko Shangazi. Tulimwazimia kiti kingine kwa fundi Harbans, akakaa mlangoni kando ya mkewe, mikono magotini, kama mtu anayesubiri daktari.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza.

"Tunafanya hivi," Shangazi akasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tukichoka kukaa."

Kitambo kidogo akauliza, "Yule Singasinga, mbona anachomelea upande mmoja?"

"Subiri. Atageuza."

Fundi akageuza. Mzee Filemon akasogeza kiti mbele. Kufika Jumamosi walikuwa wanabishana juu ya geti ambalo si lao, na yeye alikuwa amejifunza kumbeba Frida, jambo ambalo kwa watoto wake mwenyewe, Shangazi aliniambia, hakulifanya. Jioni walitembea polepole mpaka stesheni ya reli na kurudi, wakala mahindi ya kuchoma barabarani. Shangazi alishika lake kwa mikono miwili akitazama kwa furaha kubwa yule mama anavyopepea mkaa.

Jumatatu waliondoka kama walivyosema. Walipanda kutoka kituoni mpaka kihambani bega kwa bega, yeye amevaa kitenge cha Jumapili, mzee amebeba begi. Watu walitoka kutazama. Walisema mengi, lakini hakuna aliyeweza kusema ametoroka, kwa sababu nani hutoroka na mume wake? Na Desemba iliyofuata, nilipopanda na Frida akiwa anatembea, mzee Filemon mwenyewe alizunguka na sinia. Alimwaga mtori kidogo kwenye suruali ya Ronald. Nikamtafuta Shangazi, nikamkuta amekaa kwenye kiti, katikati ya wageni, na hakuwa anamenya chochote.

Januari ikaja tena. Nikawa nimeshaosha mablanketi, nasubiri anitumie habari atakuja lini. Siku moja asubuhi nikasikia hodi, nikafungua mlango nikicheka tayari.

Hakuwa Shangazi. Alikuwa Mektrida, mke wa mzee Elimringi. Kitenge cha Jumapili, begi mkononi, na uso wa aibu na furaha vimechanganyika kama wa msichana.

"Mama Frida," akasema, "nimeambiwa hapa ndipo watu wanapopumzikia."

"Karibu, mama. Karibu sana. Mzee Elimringi anajua?"

"Nimemwambia. Akasema haya, akacheka." Akaweka begi chini, akatazama ng'ambo ya barabara. "Ndiye yule Singasinga?"

"Ndiye."

Nikampelekea kiti chenye mgongo. Kisha nikaingia ndani nikapima unga wa chapati za watu wengi kidogo, maana siku ya tatu ningekuwa na mgeni mwingine mwenye koti jeusi, na safari hii jani angelileta mwenyewe kwa niaba yake mwenyewe. Nilimwombea tu apate muda, kabla hajafika, wa kufikiri amekosa nini.